Kosa Nililomtungia Mama

Nianze na ujinga wangu, maana hata nisipousema dada zangu watausema: nilimtungia mama yangu kosa la kazini, nikalituma chuoni kwake kwa jina lake.

Mama ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa Kahama. Miaka kumi na nane anachungulia darubini; malaria anaijua kuliko mbu wenyewe. Lakini nafasi ya mkuu wa maabara ilipotaka kuwa wazi, akaambiwa haendi pale mtu asiye na shahada ya uzamili. Kulikuwa na kijana mmoja mvaa tai, hata damu anamtoa mtu kwa kubahatisha, ila shahada anayo. Basi mama akajiandikisha kusoma huku akifanya kazi. Kila Jumamosi darasa linaingia kwenye kompyuta, sebuleni kwetu Nyasubi, watu wazima ishirini wanaulizana: "Mnanisikia?" "Tunakusikia, wewe unatusikia?" Nusu saa hiyo imekwenda. Sisi kidato cha tatu tukipoteza muda hivyo tunapigishwa magoti.

Mhadhiri wao alivaa visikio vikubwa kama rubani. Alikuwa akiwasomea slaidi neno kwa neno, kana kwamba watu wanaosoma vijidudu visivyoonekana kwa macho hawawezi kusoma maandishi ya ukubwa wa bango la soda.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Kila mtu aandike kosa moja alilowahi kulifanya kazini na alichojifunza. Eti tafakari. Ukifeli, unarudia somo mwaka ujao, na mwaka ujao mvaa tai keshakikalia kiti. Mama alikaa siku tatu mbele ya ukurasa mweupe.

"Andika lolote tu," nikamwambia.

"Lolote lipi? Sijawahi."

"Mama, kila mtu anakosea."

"Wewe ukikosea unapata sifuri. Mimi nikikosea mtu anazikwa. Nenda kaoshe vyombo."

Jumamosi, saa mbili kabla ya muda wa kutuma kwisha, akapigiwa simu: mama mmoja amejifungua anavuja damu, inatakiwa ya kumwongezea haraka. Akatoka mbio na kandambili. Kompyuta ikabaki wazi. Mimi nikaikalia.

Kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu nikaandika kwamba siku moja "mimi" nilichanganya chupa mbili za mkojo, nikampa mchimba dhahabu wa Geita majibu ya binti wa Tinde. Jamaa akaambiwa ana mimba. Akauliza kama bado anaruhusiwa kushuka shimoni, na kama mwenye shimo atampa likizo. Nilichojifunza: kumtazama mgonjwa usoni kabla ya kumpongeza. Nikabonyeza, ikaenda. Nikacheka hadi mbavu zikauma.

Mama alirudi jua likizama. Yule mzazi alikuwa amepona. Akaangalia saa ya ukutani, akasema, "Imepita," akakaa na kandambili zake za bafuni miguuni. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatano alama zikaja. Wa kwanza darasa zima! Msomi mzima, na visikio vyake, aliisoma ile takataka akaandika kwamba uaminifu wa namna hiyo ni nadra na lugha nyepesi inavutia. Akaomba Jumamosi mama awasimulie wenzake. Mama aliisoma habari ya mchimbaji akiwa amesimama. Hakunipiga. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi ikafika.

"Karibu mama, utushirikishe," mhadhiri akasema.

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia."

"Hilo kosa si langu. Kaandika mwanangu, yuko hapa nyuma anajificha na pazia. Mimi sikuandika kitu, nilikuwa kazini."

Mtu aliyesahau kuzima sauti yake akapasuka: "Mayu, mama wee! Na mimba ya mchimbaji?"

Wote wakacheka isipokuwa rubani. Alivua visikio. "Mama, si ungenyamaza tu? Alama ulikuwa nazo."

"Nimpe mtu majibu, sampuli sijaipokea? Hapana, baba."

Akamwambia taratibu ni taratibu: angekosa kutuma kwa dharura ya kazi angeongezewa siku, lakini kazi ya uongo ikishatumwa kwa jina lake, itabidi arudie mwakani. Mama akamshukuru. Anamshukuru! Nilitaka kumcheka na yeye, nikashindwa. Miaka kumi na nane ya darubini nilikuwa nimemzawadia mvaa tai kwa kichekesho cha mkojo. Mama akafunga kompyuta. Nikatoka kwenye pazia.

"Mama, sasa kile kiti?"

Akanitazama kuanzia vidole vya miguu kupanda juu.

"Kiti atakaa yule kijana, na shikamoo yangu nitaibakisha nyumbani. Lakini wewe! Mimi nasoma jina kwenye chupa mara mbili kabla sijaugusa mkojo wa mtu. Mara mbili! Si ungeniuliza kwanza?"