Viti Tulivyokuja Navyo

Nilisikia viti kabla sijaona mtu. Vilikuwa vinagongana kwenye kerieri za baiskeli, vikipanda barabara ya Rangwe asubuhi niliyoanza kazi ya ukatibu wa tawi. Tawi ndiyo ngazi ya chini kabisa ya chama, na katika chama chetu kila mwanachama alikuja mkutanoni na kiti chake.

Waanzilishi wetu walikuwa wenye maduka, wakulima na wazee wa kanisa. Waliamini kwamba shamba la mtu ni lake, kodi iwe ndogo, watoto walelewe na nyumba na kanisa kabla ya serikali, na cha zamani kisibomolewe kwa pupa. Sokoni walitucheka. Wauza omena, dagaa wa ziwani, waliuliza, "Mnaenda mkutano ama mnahama?"

Mwenyekiti wa Tawi, mwenye mashine ya kusaga mahindi, aliniita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. "Nyar Rusinga," aliniambia siku hiyo, "mtu akikalia kiti chake, hakuna wa kumwambia ainuke."

Baadaye chama kilinihamishia Migori, nikarudi Rangwe nywele zikiwa zimeanza kuwa nyeupe. Ndipo makao makuu yakataka chama kivunjwe, kiingie ndani ya chama kikubwa, na matawi yapige kura. Mratibu wa chama wa Kaunti akaleta soda na viti vya plastiki vya kukodi, akavipanga ukumbini. Wanachama wakaacha vyao nje kwenye jua. Mwenyekiti peke yake aliingia na chake.

"Mzee, hicho kiache nje," Mratibu alimwambia. "Viti viko."

"Nimezoea hiki."

Mikono ya kukubali ikajaa ukumbi. Wa kukataa ulikuwa mmoja, wa Mwenyekiti.

Sasa nimestaafu, niko Kisegi na kuku wangu. Vijana huniuliza chama kile kiliuawa na nini, wakingoja nitaje fedha au kabila. Mimi hukumbuka kivuli, soda baridi, na viti ambavyo hakuna aliyetoka jasho kuvibeba. Hukumbuka pia Mwenyekiti alivyoinuka, akakikumbatia kiti chake kifuani, na jinsi kila mtu alivyotazama chupa yake.

"Nyar Rusinga, nisaidie mlango. Mikono imejaa."

Nikamfungulia. Akapita kwa ubavu, miguu ya kiti ikitangulia, nami nikaufunga mlango nyuma yake.