Watunzi wa Mwisho wa Jumapili

Miaka ile wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakiingia Kigoma kwa wingi, sisi watu kama kumi tulikutana kila Jumapili mchana katika chumba cha nyuma ya kanisa, Gungu, kusikiliza kanda. Padri mmoja Mzungu aliporudi kwao alituachia redio kaseti na boksi zima la muziki wa zamani wa Ulaya, ule wa fidla na piano. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, basi nikafanywa mwenyekiti. Kazi yangu ilikuwa kuchagua kanda na kueleza maana ya kila muziki. Nilieleza mengi kuliko niliyoyajua.

Tulitumia betri. Mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo zile kuukuu tulizianika juani asubuhi zipate nguvu kidogo. Nilianza na watunzi maarufu, ambao tuliwahi kuwasikia redioni. Wale ambao hata majina yao yalinishinda kusoma niliwaacha mwisho. Wote walikuwa watu wa huzuni. Muziki wao ulikwenda polepole, mzito, nami niliwaambia wenzangu kwamba mtu asiyepata sifa hutunga hivyo.

"Mwenyekiti," alisema fundi cherehani mmoja wa Ujiji, "hawa hawakukosa sifa. Hawa walikosa chakula."

Aliyewapenda kweli ni mama mmoja Mrundi aliyekaa kwa wifi zake Buzebazeba. Mume wake alipotea njiani walipokuwa wakikimbia, na hakuna aliyejua alikozikwa. Wifi zake walimbembeleza aganduke, yaani, kwa desturi yao, amalize msiba, avue nguo nyeusi na kurudi katika maisha ya watu. Alikataa. Alisema hawezi kumaliza msiba wa mtu asiye na kaburi. Lakini kulikuwa na kanda moja ya kijani, ya mtunzi tusiyemjua kabisa, na kila ilipopigwa alijifunika uso kwa kitambaa. Siku moja aliniambia kwamba huyo mtu analia vizuri kuliko yeye. Kama ningekwenda kuipiga nyumbani, mbele ya jamaa, angeganduka.

Siku yenyewe niliona aibu kwenda na betri za kuanika, nikanunua mpya. Jamaa walikaa, pombe ikawekwa katikati, nikabonyeza. Fidla zikatoka mbio kama watoto waliofunguliwa shule. Ulikuwa muziki wa kucheza, labda wa harusi. Nilielewa palepale. Mtunzi yule hakuwa na huzuni hata kidogo. Mimi ndiye niliyemwachia betri zilizochoka kila Jumapili, yeye na wenzake wote, na betri ikichoka kanda huzunguka polepole. Wifi mkubwa alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu. Nikanyoosha mkono nizime.

"Iache," mama alisema.

Alisikiliza mpaka mwisho, uso wazi. Nikamwomba radhi, nikaeleza habari ya betri mbele ya watu wote, jasho likinitoka.

"Kwa hiyo muda wote huu alikuwa anacheza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu naye alikuwa anacheza sana. Nilikuwa namkumbuka amelala tu. Rudisha mwanzo."

Nilipokuwa nikirudisha kanda, aliingia ndani. Alitoka amevaa kitenge cha njano, na wifi mkubwa ndiye aliyempa kikombe cha kwanza. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu ushujaa tangu wakati ule, lakini bado namfikiria yeye akiwa amesimama pale mlangoni.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema, akakaa karibu na boksi, akaomba tuanze na wasiojulikana. Wale wengine, alisema, wana watu wao. Nikatii. Ndipo tulipowasikia hasa. Mmoja alikuwa mtani, anauficha wimbo halafu anautoa pale usipotarajia, na fundi wa Ujiji alikuwa akicheka kila mara unapotokea. Mwingine alikuwa na hasira safi, ya mtu anayejua anachodai. Mmoja tu alikuwa na huzuni kweli, na huzuni yake ilikwenda haraka, haraka kuliko furaha za wengi. Watu wakanigeukia kama kawaida, wakisubiri maelezo.

Nikawaambia sijui, tumsikilize tena.