Kosa la Gasper Mfuata Nyayo

Gasper Masatu alikuwa na miaka hamsini na sita, na karibu nusu ya miaka hiyo aliitumia akiwa ameinama, akisoma ardhi. Ng'ombe akiibwa Nyabirama, yowe likapigwa, yeye ndiye aliyetangulia, wanaume wakamfuata nyuma na fimbo zao. Sheria ya wazee ilikuwa fupi: nyayo zikiingia kwako, onyesha zilipotokea, au ulipe. Kwa hiyo watu hawakuhitaji polisi wala bima. Nyayo zilimkamata mwizi, na aliyekutwa na nyayo alimlipa aliyeibiwa.

Lakini Nyabirama haikuwa tena kijiji. Barabara ya Bunda kwenda Nyamuswa ilileta maduka, mashine za kukoboa, na wageni wengi, na mwaka huu pakatangazwa kuwa mji mdogo. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Miriamu, akaitisha mkutano ili wananchi waamue. Ama waendelee na sungusungu na sheria ya nyayo, ama wajenge kituo cha polisi kwa nguvu zao na kuanzisha mfuko wa bima, kila kaya ichangie, na atakayeibiwa afidiwe bila jirani kutafutiwa hatia.

Siku nne kabla ya mkutano, Onesmo, kamanda wa sungusungu, alimfuata Gasper nyumbani.

"Kaka, wewe ndiyo utaongea. Ukisimama tu, wale wa polisi wanakaa chini. Wewe ulikoseaga lini?"

Gasper alicheka. Ilimpendeza, na hilo halikuwa jambo jema, maana mtu akishaanza kupendezwa na sifa zake huacha kuzikagua.

Kesho yake alipita kwa Rhobi, mjane wa rafiki yake, kumsaidia kuinua nguzo ya zizi. Masika ya mwaka jana ng'ombe wa Rhobi aliibwa. Mvua ilikuwa imefuta kila alama zizini, hivyo Gasper akaanzia kwenye kivuko cha mto. Akaona nyayo mbichi za ng'ombe mmoja, ukwato wa nyuma wa kushoto umemeguka pembeni, zikielekea mjini. Akazifuata mpaka uani kwa Benson, fundi cherehani aliyehamia kutoka Mwisenge, Musoma. Benson alisema, "Hizo ni za ng'ombe wangu, ametoka kunywa maji." Watu wakaangua kicheko, mwizi gani hukosa la kusema? Siku hiyo hiyo Benson akanyang'anywa ng'ombe wake wa maziwa, akapewa Rhobi kuwa fidia.

Sasa ng'ombe huyo alikuwa anakunywa maji kwenye beseni. Udongo ulikuwa umelowa. Gasper aliangusha nguzo.

Ukwato wa nyuma wa kushoto ulikuwa umemeguka pembeni.

Alichuchumaa. Akakata kijiti, akapima alama ile kama alivyofundishwa na baba yake kupima, na kama alivyotakiwa kupima siku ile. Siku ile hakupima. Nyuma yake walikuwepo watu sitini wenye hasira, naye aliona aibu kuonekana anasitasita. Kumbe alimfuata ng'ombe wa Benson akirudi kwao.

"Shemeji," alimwita Rhobi, "yule wako aliyeibwa alikuwa na kwato nzima?"

"Nzima zote. Kwa nini? Wewe si ndiye unayejuaga ng'ombe kuliko mama zao?"

"Sikukuuliza siku ile."

"Hukuniuliza. Ulikuwa na haraka ya kushangiliwa." Alisema hivyo kwa utani, kisha akauona uso wa Gasper, akaweka chini ndoo ya maziwa.

Gasper alimweleza yote. Rhobi alikaa kwenye gogo. Wajukuu zake watatu walikunywa uji wa maziwa ya ng'ombe yule, na wangekaa kimya, hakuna mtu Nyabirama ambaye angejua. Hilo wote wawili walilijua, na hakuna aliyelisema.

"Mwaka mzima," Rhobi alisema mwishowe. "Mwaka mzima mke wa yule fundi ananikwepa kisimani, na mimi nasema moyoni, mke wa mwizi ana kiburi." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mrudishe, shemeji. Ila ukasemee mkutanoni. Ulimtia aibu mbele ya watu, usimsafishe uchochoroni."

"Onesmo atanichukia."

"Kwani kazi ya Onesmo ni kukupenda?"

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Onesmo alizungumza vizuri, akataja mifugo iliyorudi, akamaliza kwa kunyoosha mkono: "Huyu hapa hajawahi kukosea. Simama, kaka."

Gasper alisimama, kofia mkononi. Alimtafuta Benson kwa macho, akamkuta nyuma kabisa, mahali anaposimama mtu aliyezoea kutotakiwa.

"Ng'ombe wa Rhobi hakuibwa na Benson," alisema. "Zile nyayo zilikuwa za ng'ombe wa Benson mwenyewe. Alituambia, tukamcheka. Ilitosha mimi kuinua mguu wa yule mnyama nikaangalia. Sikuangalia. Kosa ni langu."

"Kaka, kaa chini, unaumwa," Onesmo alinong'ona.

"Siumwi. Kama mimi ndiye polisi wenu, na mimi ndiye hakimu, na jirani ndiye bima, basi siku nikikosea hakuna wa kuniuliza. Jengeni kituo. Awepo mtu wa kumsikiliza anayesingiziwa. Na Rhobi bado ameibiwa. Tumlipe sote, si mtu mmoja."

Watu wakanong'ona kwa muda mrefu. Mikono ilipohesabiwa, wengi walitaka kituo na mfuko, na Mama Miriamu akaandika jina la Rhobi kuwa wa kwanza kufidiwa. Wapo waliosema Gasper amejimaliza. Mtu hajimalizi kwa kusema kweli. Alikuwa amejimaliza mwaka jana, na sasa alikuwa anaanza.

Benson alimsogelea watu wakitawanyika. Hakumpa mkono.

"Ulimtoa kwangu mchana, watu wakiona," alisema. "Umrudishe hivyo hivyo. Wewe mwenyewe, si kumtuma mtu."

Basi Gasper akaenda kwa Rhobi, akamfunga ng'ombe kamba, akapita naye katikati ya soko. Wauza dagaa waliacha kupepea nzi. Kijana wa bodaboda akauliza, "Mzee, leo umekamata nini?" Gasper akajibu, "Nimejikamata," akaendelea kutembea.

Uani kwa Benson, mkewe Sara alikuwa akianua nguo. Alimwona ng'ombe kwanza, akamwita kwa jina lake la zamani. Mnyama akainua masikio, akamwendea. Sara alimshika shingo, akaegemeza shavu lake pale kwa muda.

Gasper alisubiri, kamba mkononi. "Mama, nimekuja kuomba..."

"Usiombe leo," Sara alisema bila kugeuka. "Leo nina hasira, nitakujibu vibaya, halafu nitajuta. Pita kesho, chai itakuwepo."

Kesho yake Gasper aliamka mapema, akanyoa ndevu, akaenda.