Kisu Kipya na Mzee wa Kabuti

Kabla sijaanza, nijibu maswali ambayo kila mtu huniuliza. Hapana, sikuwa nimelewa. Pombe sijaionja maishani mwangu. Hapana, haukuwa usiku. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikiwa nimekunywa chai na kula viazi vitamu viwili. Na hapana, sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana tukifika katikati hutacheka.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana, mzaliwa wa upande wa Kakamega, nimetoka masomoni juzijuzi, nikapelekwa kufanya kazi ya mifugo karibu na Kiganjo. Kazi yenyewe ilikuwa kupanda baisikeli kutoka boma hadi boma, kuchanja ndama, kukata kwato, na kuwaonyesha watu jinsi ya kutunza ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wenye damu ya kizungu, ambao wengi ndio kwanza walikuwa wameanza kuwafuga. Watu waliniita daktari. Sikuwa daktari, lakini niambie, wewe ungewakataza?

Mwezi wa saba mwaka huo nilijinunulia kisu cha kukunja mjini Nyeri, kule Majengo, kwenye duka dogo karibu na msikiti. Kilikuwa kisu kizuri, niamini. Mpini wake ulikuwa wa pembe, rangi ya asali, na bapa lake lilikuwa linang'aa hata ungeweza kujinyolea mbele yake. Tatizo lilikuwa moja tu: hakikutaka kufunguka. Uliweka ukucha kwenye kile kijishimo cha bapa, ukavuta, ukucha ukavunjika. Nilijaribu kwa meno. Nilijaribu kwa ncha ya ufunguo wa baisikeli. Na kilipokubali, kilikubali kwa ghafla, kama mlango ulioegemewa na mtu kwa ndani halafu akaondoka. Kukifunga kulikuwa kubaya zaidi. Siku ya pili tu kilinikata kidole cha shahada vibaya sana, nikakifunga kwa kitambaa wiki nzima.

Nilimrudia muuza duka. Akacheka.

"Kisu mpya ni hivyo, kijana. Itazoea."

Hakikuzoea. Nilikipaka samli, nikakichemsha ndani ya sufuria, mwishowe nikakigonga kiungo kwa jiwe. Kikazidi kuwa kigumu. Lakini sikukitupa. Nilikibeba kila siku kwenye mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu kilikuwa kisu changu cha kwanza cha kazi na nilikipenda.

Sasa, kama hujawahi kuishi chini ya Mlima Kenya mwezi wa saba, huujui ukungu. Hauji kama mvua. Unaukuta umeshakaa. Asubuhi hiyo nilikuwa nikipanda kuelekea upande wa mlima, kuna ndama saba walikuwa wakinisubiri kuchanjwa. Manyunyu yalikuwa yakianguka, sioni zaidi ya hatua kumi, nikashuka nikaanza kusukuma baisikeli. Nilipofika kwenye daraja dogo la mawe, nikaona mtu ameketi ukingoni.

Alikuwa mzee, mwembamba, amevaa kabuti refu la kijani kama yale ya askari wa zamani. Kifungo cha juu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na waya uliosokotwa. Nilitaka kumsalimia nipite.

"Kijana," akasema, "hiyo kitu inakusumbua, leta nione."

"Kitu gani, mzee?"

"Kisu."

Nimekwambia kisu kilikuwa mfuko wa ndani. Je, wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza kwamba ameona kidole changu kilichofungwa, akakisia. Mtu akiwa kijana huwa na jibu la kila kitu. Nikatoa kisu, nikampa, nikaketi kwenye nyasi kando yake.

Ninachotaka ukikumbuke ni mikono ya mzee yule. Nimeona mafundi wengi tangu siku hiyo, na mikono kama ile sijaiona tena. Hakukivuta. Alikishika tu, akakipindua, akakisikiliza karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa.

"Umegonga hapa na jiwe," akasema.

Nikaona haya. "Nilikuwa nimechoka nacho, mzee."

"Unashindana na yeye. Yeye ni chuma, wewe ni nyama. Nani atashindwa?" Akanionyesha kiungo, pale bapa linapoingia kwenye mpini. "Huko ndani iko na unga ya chuma. Wale walitengeneza hawakuosha. Kila ukivuta, unasaga hiyo unga. Sasa tuoshe."

Akatoa kwenye kabuti kipembe kidogo cha mafuta ya mbarika na unyoya wa kuku. Akachovya, akadondosha tone moja tu kwenye kiungo. Halafu akaanza kulitikisa bapa, si kulifungua, kulitikisa tu, kidogo huku, kidogo huku, kidole gumba kikiwa ubavuni mwa bapa na si mbele ya makali. Baada ya muda mafuta yakatoka. Yalikuwa meusi kama masizi. Akayapangusa kwenye nyasi, akaongeza tone. Akatikisa tena. Meusi tena. Akapangusa.

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka itoke safi. Ikitoka safi, imekubali."

Nakwambia ukweli, nilianza kukasirika. Ndama saba walikuwa wakinisubiri, baridi ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na mzee huyu anacheza na tone la mafuta. Mara mbili nilinyoosha mkono nikitaka kisu changu. Mara mbili hakunitazama hata. Lakini kila nilipotazama vile vidole, hasira ilinitoka. Havikuwa na haraka na havikuwa na uvivu. Bapa lilifika robo, likarudi. Likafika nusu, likarudi. Hakuna mahali alipolilazimisha. Nilijikuta nimesahau ndama, nimeinama kama mtoto wa shule, nikifuata kila alichofanya.

Kuna mambo mawili niliyaona, na nikayapuuza. La kwanza, pumzi yangu ilikuwa ikitoka kama moshi kwa ile baridi, yake haikutoka. La pili, kofia yangu ilikuwa imelowa inadondosha maji, na mabega ya kabuti lake yalikuwa makavu. Nilijiambia labda kitambaa cha zamani ni kizuri.

Mwishowe mafuta yakatoka safi. Akafungua kisu kwa kidole gumba kimoja, polepole, bila sauti. Akakifunga. Akanipa. Mpini ulikuwa baridi kama jiwe lililotoka mtoni.

"Fungua wewe."

Nikafungua. Lo! Kilikuwa kisu kingine. Nikakifungua na kukifunga mara tano, sita, nacheka peke yangu.

"Sasa pitia kwa Mama Gathoni," mzee akasema.

"Kwa Mama Gathoni sijaitwa, mzee. Naenda kuchanja."

"Pitia. Upande wa kushoto, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Mkono usitetemeke. Kisu imekubali, sasa imebaki wewe."

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikageuka kuinua baisikeli iliyokuwa imelala kwenye nyasi, nikageuka tena nimwambie asante. Ukingo wa daraja ulikuwa mtupu. Nikasema ameingia kwenye ukungu. Si ungesema hivyo hivyo?

Mama Gathoni alikuwa mjane aliyekaa si mbali na pale, na boma lake lilikuwa njiani. Nilimjua kwa kumpungia mkono tu. Aliishi na binti yake, Gathoni, aliyekuwa shuleni asubuhi hiyo. Nilikuwa nimeamua kupita bila kusimama, niamini. Ila nilipokaribia lango nikasikia ukelele.

Ng'ombe wake, wa pekee aliyekuwa naye, alikuwa amekata kamba alfajiri akaingia kwenye shamba la klova, majani ya malisho, yaliyolowa umande. Kama hujui mambo ya ng'ombe, nikueleze: majani yale yakiwa mabichi na yamelowa, hujaza tumbo hewa isiyo na pa kutokea. Tumbo huvimba mpaka mnyama anashindwa kupumua. Huyu alikuwa amevimba ubavu wa kushoto ukapita uti wa mgongo, ulimi uko nje, macho yamegeuka. Miguu ya nyuma ilikuwa inatetemeka. Kulikuwa na dakika chache.

"Daktari!" Mama Gathoni alinishika koti. "Daktari, anakufa! Fanya kitu!"

Chombo cha kutobolea tumbo kilikuwa kwenye kabati ofisini, Kiganjo. Kazi hiyo nilikuwa nimeisoma kwenye daftari, kuifanya, sijawahi. Mkono ukaingia koti wenyewe. Kisu kikafunguka kwa kidole gumba kimoja. Kingekuwa kile cha jana, ningekuwa bado navuta kwa meno na ng'ombe ameanguka.

Upande wa kushoto. Kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Nikapima kwa kiganja, nikachoma.

Hewa ilitoka kwa mlio kama gurudumu la lori lililopasuka, na harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu anayekula. Nikalizungusha bapa kidogo tundu lisijifunge. Mama Gathoni, nami nilimheshimu sana kwa hilo, hakusubiri kuambiwa. Alikimbia jikoni akaleta kipande cha mwanzi anachopulizia moto, nikakipitisha tunduni. Ng'ombe akashuka kama mfuko unaotolewa upepo. Akavuta pumzi moja ndefu. Akavuta nyingine. Baada ya muda akageuza kichwa akamlamba mama yule mkono.

Tukakaa chini wote wawili, kwenye matope.

"Nani amekuita?" akaniuliza. "Mimi sikutuma mtu. Sikuwa na mtu wa kutuma."

"Kuna mzee pale darajani. Alinitengenezea kisu, akaniambia nipitie kwako. Akaniambia hata mahali pa kuchoma."

Akanigeukia. "Mzee wa namna gani?"

"Mwembamba. Ana kabuti refu la kijani. Kifungo cha juu ni waya."

Hakupiga kelele. Aliangalia mikono yake.

"Hiyo waya ni mimi nilifunga," akasema. "Kifungo ilipotea. Na hiyo kabuti tulimzika nayo. Huu ni mwaka wa tatu."

Nikageuka kutazama upande wa darajani. Ndipo aliponieleza kwamba marehemu mume wake alikuwa mchungaji mkuu wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu tangu ujana, na hapakuwa na ng'ombe aliyeugua upande ule ambaye hakuitiwa yeye. Halafu akaniuliza swali ambalo nalikumbuka kuliko yote.

"Aliuliza habari yangu?"

Ningedanganya? Sikuweza. "Hapana, mama. Alisema mambo ya kisu na ya ng'ombe tu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Basi ni yeye kabisa. Miaka ishirini nimekaa na huyo mtu. Akitoka safari, anaingia kwa zizi kwanza, ndio akumbuke ati kuna bibi ndani ya nyumba."

Alitaka kuona mahali. Tukashuka hadi darajani. Nyasi zilikuwa zimelala pale nilipoketi mimi na pale ilipolala baisikeli tu; miguu ya mzee ilipokuwa, hazikuwa zimekanyagwa. Lakini kwenye majani ya ukingoni, yale mafuta meusi yalikuwepo, mstari juu ya mstari, jinsi alivyoyapangusa. Mama Gathoni alichuma majani yale moja moja, akayafunga kwenye kitambaa chake, akarudi nyumbani.

Nilifanya kazi upande ule miaka tisa zaidi. Nilitoboa ng'ombe wengine wengi, na mkono wangu haukutetemeka hata siku moja. Wakubwa wangu waliniuliza nilifundishwa na nani, nikawaambia ni mzee mmoja wa Kiganjo. Ukungu wa mwezi wa saba ulipokuja, nilishuka baisikeli pale darajani, nikangoja. Sikumwona tena. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba sikumwambia asante akiwa mbele yangu. Nilikuwa na haraka ya ndama.

Nilipohamishwa, nilikwenda kumuaga Mama Gathoni. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alinisindikiza hadi langoni, akanishika mkono.

"Daktari, ukimwona tena, mwambie Gathoni ameolewa vizuri. Mwambie mtoto wake wa pili ni mvulana, na amepewa jina lake yeye mzee. Kwangu mimi hawezi kuja, najua. Lakini wewe alikutokea."

Nimeubeba ujumbe huo miaka yote hii, na sasa magoti yangu hayanifikishi tena kule. Kwa hiyo nakuonya wewe unayepita njia ile. Ukikutana kwenye ukungu na mzee anayetaka kukuchelewesha, usimnyang'anye kitu chake wala chako. Keti. Mwache amalize. Akikuambia pitia mahali, pitia. Na kabla hujageuka kuchukua baisikeli yako, tafadhali, mwambie asante, umwambie na habari za mjukuu wake.