Injini ya mwisho ya Elfu Tisa

Asubuhi ndiyo kwanza inachangamka, na fundi wanayemwita Elfu Tisa ameinama chini ya boneti ya gari jeupe la mashindano, kiganja amekibandika juu ya injini. Anasubiri ipate moto. Anasema injini kama hii, mafuta yake yakiwa ya baridi, yeye haikanyagi hata kwa mtutu wa bunduki.

Pembeni, juu ya matairi mawili, imelazwa injini nyingine yenye turbo, bado ina nailoni yake. Hiyo ndiyo itakayoingia. Hii anayoipapasa ndiyo inayotoka, na anayeitoa ni yeye aliyeiunda.

"Nimemwambia mwenye gari, asiiguse mtu mwingine. Niliizaa mimi, acha niizike mimi."

Jina lake alijitakia. Ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu, lakini hujakaa sawa ameshakupeleka kwenye mizunguko elfu tisa kwa dakika, pale injini isiyo na turbo inapoanza kulia na gari kuondoka kweli kweli. Chini ya hapo haina kitu. Dereva lazima aikamue, na ajue kucheza na gia.

Turbo haina habari na hayo. Ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Ukigusa akseleta tu, umeshatupwa mbele.

"Ile inakubeba hata kama hujui kitu," anasema. "Hii yangu inakuaibisha mpaka ujue."

Ni maneno ya mtu mwenye jeuri, na jeuri hiyo imemponza. Zamani aliunda injini sita, saba kwa mwaka. Mwaka huu hajaunda hata moja. Wateja wamehamia geti la pili kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyejifunzia kazi humu humu karakanani. Alipoanza kufunga turbo, Elfu Tisa alimcheka mbele za watu, akamwita muuza pampu za baiskeli. Mpaka leo humwita "dogo", ingawa dogo mwenyewe ana mvi.

Mteja aliyebaki ni huyu mwenye gari jeupe. Msimu mzima amekuwa akipitwa kwenye kila mlima.

"Fundi, nakupenda, lakini nimechoka kula vumbi la watu," alimwambia wiki iliyopita.

Mkewe anasema siku hiyo mumewe alirudi akakaa na viatu miguuni mpaka chakula kikapoa. "Nikamwambia, baba watoto, lia tu, hapa tuko wawili. Akasema anasikia joto."

Kwa kazi ya leo ameomba kitu kimoja: kabla hajagusa boliti, aifikishe elfu tisa, aisikie kwa mara ya mwisho. Mwenye gari amekubali.

Injini imeshapata moto. Shemeji amefika na kreni ya kuinulia injini, kasimama mlangoni, hataki kuingia bila kukaribishwa. Elfu Tisa anaketi nyuma ya usukani na kukanyaga. Elfu tatu. Elfu tano. Mabati yanatetemeka, sauti inaanza kukaza. Mshale unagusa elfu sita, naye anaachia mguu na kuzima.

"Malizia basi, shemeji," anasema yule wa mlangoni.

"Hapana. Nikiisikia, sitaifungua."

Anabaki ndani ya gari, machozi yanamtoka waziwazi. Inauma kumtazama. Baadaye anajikaza kisabuni, anateremka na kutafuta spana.

Injini itauzwa vipande vipande. Karakana ataikabidhi kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Jumatatu anaanza kazi geti la pili, ataosha vyuma na kufundishwa turbo na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika spana.

Tumaini lake? "Natamani aje mmoja tu, siku moja, aseme, fundi, nataka ile inayolia." Anafuta mikono kwa kitambaa. "Lakini hatakuja."

Boliti ya mwisho inalegea. Elfu Tisa anasogea pembeni, anageukia mlangoni.

"Ingia na kreni yako," anasema. "Karibu, fundi."