Titi la Mtama

Nilikuwa nimeshona sare za shule hapa Voi kwa miaka kumi na tisa kabla sijawahi kufumua sidiria nione imetengenezwa vipi. Niliivaa kila siku. Niliianika chini ya leso ili wapita njia wasiione. Nilipohitaji nyingine nilienda kwenye mitumba, nikaiminya mkononi, nikakisia, nikainunua. Kola ya shati la shule na marinda ya sketi niliweza kuvishona huku nikipiga gumzo, lakini mtu angeniuliza sidiria ina vipande vingapi, ningesema vinne.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu kutoka Wundanyi, ambaye zamani alikuwa akiniletea kazi za sare za shule yake. Alikuwa amefundisha sayansi maisha yake yote, na bado alikuwa na ile tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza hadi ujibu. Aliingia kibandani kwangu asubuhi moja, akakaa kwenye benchi, akajipangusa jasho.

"Fundi, wewe hushona sidiria?"

"La, Mwalimu. Sidiria hazishonwi, zinanunuliwa."

"Na hizo zinazonunuliwa zilishonwa na nani?"

Nikaitazama cherehani yangu. Yeye akangoja tu.

Ndipo akaniambia. Mwaka mmoja na nusu uliopita alikuwa ameondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, huko Mombasa. Matibabu yalikuwa yamekwisha, sasa alikuwa akienda kliniki kuangaliwa tu. Upande uliobaki mtupu alikuwa akiujaza soksi za mtoto zilizokunjwa. Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama mbele ya kanisa akisoma somo, akahisi zile soksi zikipanda polepole, mstari kwa mstari, na alipofika mwisho wa sura zilikuwa zimefika karibu na shingo. Alifunga Biblia, akaikumbatia kifuani, akarudi kuketi hivyo.

"Mombasa nilioneshwa titi la kununua, la mpira laini," akasema. "Zuri, lakini la rangi ya Mzungu, na ukilivaa kwa joto hili ni kama umebeba kitumbua kilichotoka kwenye mafuta. Nataka unitengenezee kitu."

Nilivuta pazia, nikachukua futi. Akavua blauzi. Mimi nikageuka kuitazama kalenda iliyokuwa ukutani, nikijifanya natafuta penseli.

"Fundi," akasema, "ukiangalia ukuta utapima ukuta."

Basi nikaangalia. Kovu lilikuwa mstari mrefu uliolala kutoka katikati ya kifua hadi chini ya kwapa, mwembamba mahali fulani, mnene mahali pengine, kama mshono ambao uzi wake umevutwa. Karibu na kwapa ngozi ilikuwa na mkunjo mdogo. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitasikia huruma kubwa hadi nishindwe kufanya kazi, lakini kilichonijia kilikuwa udadisi, na nikauonea haya. Nikamwomba ruhusa ya kugusa.

"Gusa. Hapa sisikii chochote. Hapa nasikia kama kupitia blanketi. Hapa, usibonyeze."

Nikachora kifua chake kwenye karatasi ya kukatia nguo, nikaandika sehemu anazosikia na sehemu asizosikia. Tulipokuwa tukichora ndipo nilipong'amua jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini: mshono ukikaa mahali anaposikia utamuumiza, lakini ukikaa mahali asiposikia utamchubua na yeye asijue hadi atakapoona damu. Kwa hiyo upande ule wote haukutakiwa kuwa na mshono hata mmoja.

Alipoondoka nilichukua sidiria yangu ya zamani nikaifumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, nikivipanga vipande mezani kwa mpangilio. Vilikuwa ishirini na sita, ukihesabu kulabu na waya. Nilishinda hapo hadi adhuhuri, na mteja aliyekuja kuchukua kaptura alidhani nimepagawa. Nilichogundua ni kwamba mikanda ya mabegani haibebi mzigo kama nilivyoamini tangu usichana. Unaobeba ni ule ukanda wa chini unaozunguka mbavu. Soksi za Mwalimu zilipanda kwa sababu upande mmoja wa ukanda ulikuwa na uzito wa kuuvuta chini, na upande wa pili haukuwa na kitu.

Aliporudi wiki iliyofuata nikamweleza hivyo, naye akafurahi kana kwamba mwanafunzi wake amepasi.

"Kwa hiyo tunahitaji uzito. Gramu ngapi?"

"Nitajuaje, Mwalimu? Titi haliwekwi kwenye mizani."

Alikuwa amekuja amejiandaa. Kutoka kwenye kikapu chake alitoa bakuli kubwa, sinia, na jagi la plastiki lenye alama za vipimo. Aliliweka bakuli ndani ya sinia, akalijaza maji hadi ukingoni kabisa, akavua, akainama juu ya meza yangu ya kukatia na kulizamisha titi lake la kulia polepole. Maji yakamwagika kwenye sinia. Alipoinuka tuliyamimina yale yaliyomwagika ndani ya jagi, tukainamisha vichwa pamoja kuisoma alama.

"Mia sita na ishirini," akasema. "Mililita moja ya maji ni gramu moja, na nyama ya mtu haipishani sana na maji. Mambo haya nimeyafundisha miaka thelathini na sikujua yatanifaa hivi."

Tulicheka mpaka tukalazimika kukaa chini.

Nilikata kitambaa cha pamba kutoka kwenye fulana laini za mitumba, kwa sababu pamba mpya ina ukali. Nikashona sidiria yenye ukanda mpana chini, bila waya, na upande wa kushoto nikaweka mfuko wa ndani wa kuingizia titi la kutengeneza. Cha kulijazia nilifikiria sponji, lakini haina uzito. Nikafikiria mchanga, lakini mzito mno na mgumu. Mwisho nikaenda duka la nafaka sokoni.

"Nipimie mtama, gramu mia sita na ishirini."

"Wa uji?" muuzaji akauliza.

"Wa kushona."

Alinitazama kidogo, akanipimia.

Mtama ulikuwa mzuri ajabu. Ulijimimina ndani ya mfuko wake wa pamba, ukalala chini na kujaa mbele, ukatikisika Mwalimu alipotembea. Alijitazama kwenye kioo changu kilichopasuka, akainama, akainuka, akainua mikono kama anayeimba kwaya. Bega la kushoto, ambalo lilikuwa limeanza kupanda, lilishuka. Sikuamini hadi nilipopima kwa futi. Aliondoka ameivaa sidiria hiyo.

Baada ya wiki mbili simu ikalia.

"Fundi, titi langu limeota."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Alikuwa amelifua kwa sabuni na kulianika, lakini kule Wundanyi juu milimani ilikuwa wiki ya ukungu, jua halikuonekana, na siku ya nne alipokwenda kulianua aliona vijichipukizi vyeupe vimetokeza kwenye mshono.

"Pole sana, Mwalimu," nikasema. Nilitamani ardhi inimeze.

"Pole ya nini? Nilikuwa nawaotesha watoto maharagwe kwenye pamba iliyolowa. Wewe umefanya jaribio lile lile, ila umelivalisha. Sasa fikiria: kitu chenye uzito, kisichoota, kisichooza, kinachofulika."

Nilikitafuta kwa karibu mwezi mzima. Nilijaribu punje ndogo za plastiki, zikanata kwa joto. Nilijaribu kokoto ndogo za mto, zikapiga kelele. Jibu lilikuja siku niliyomwona mama mmoja sokoni akimwaga shanga ndogo za kioo kutoka kwenye mfuko hadi kwenye bakuli. Zilitiririka kama mtama ule ule. Nikanunua za kunitosha, nikazishonea mfuko mwembamba na kuuweka chini na nyuma, halafu mbele na juu nikajaza nyuzi laini zilizotolewa kwenye mto wa kulalia, kwa sababu shanga ni nzito kuliko nafaka na peke yake zingefika gramu zile kabla ya kufikia ukubwa. Rangi ya shanga alinichagulia Mwalimu kwa simu. Alitaka nyekundu. Nilipomwambia hakuna atakayeziona, akasema yeye atajua.

Titi la shanga ndilo alilolivaa kwenda kliniki, na huko muuguzi aliyempima aliuliza limetoka wapi. Siku chache baadaye muuguzi huyo alikuja mwenyewe kibandani. Alikuwa mwanamke mchangamfu lakini aliongea nami kwa ukali kidogo, na nikaona ana haki. Aliniambia nisimvalishe mtu uzito wowote kabla kidonda hakijapona na daktari hajasema sawa. Aliyetoka kupasuliwa karibuni hawezi kuinua mkono, kwa hiyo yake ifungwe mbele. Na mikanda iwe mipana, isikate begani, maana wengine mkono wa upande ule huvimba. Nilikuwa naandika huku nikiitikia kwa kichwa. Alipomaliza nikamwonesha sidiria niliyokuwa nimeigeuza mishono yote nje ili ndani pawe laini. Kwa fundi, mshono kukaa nje ni aibu, na nilikuwa nimeificha chini ya vitambaa. Aliipitisha shavuni mwake, akaniambia ataniletea mtu.

Mtu huyo alikuwa mama wa Taveta, mfanyabiashara wa ndizi, mdogo kwa Mwalimu kwa miaka kama ishirini. Nilimtolea shanga kwa fahari. Akazirudisha mezani.

"Dada, mimi sitaki titi la uongo. Mume wangu anajua, watoto wanajua, soko zima linajua. Nataka nguo ya kushika hili moja lililobaki, isinichubue huku kwingine. Basi."

Nikazikusanya shanga zangu. Miezi yote ile sikuwa nimefikiria kwamba mtu angeweza kutotaka. Nilimshonea yenye kikombe upande mmoja na bapa upande wa pili. Akaijaribu, ikamkaa vizuri, akaondoka. Baada ya siku tatu akanipigia: inapanda. Nikaipunguza, nikamtumia. Inapanda. Nikaipanua. Bado.

Mwishoni nilifunga kibanda, nikapanda gari la asubuhi kwenda Taveta. Nilimkuta sokoni, mikungu ya ndizi imelala chini kila mahali, watu waliovuka mpaka kutoka Holili wakijadiliana naye bei. Nikamwomba afanye kazi yake kama vile sipo. Aliinama, akashika mkungu kwa mkono wenye nguvu, akauzungusha na kuuegemeza kwenye nyonga, kisha akauinua. Nikazunguka nyuma yake. Alipouinua, mgongo wake ulipanuka upande mmoja tu, na ukanda wote ukavutwa juu kuelekea huko. Mimi nilikuwa nikihangaika na mbele, kumbe tatizo lilikuwa mgongoni.

"Inua tena," nikasema.

"Dada, huu ni mzito."

"Mara moja tu."

Akainua, huku wenzake wakiuliza huyu mgeni anatafuta nini mgongoni kwa mtu. Hapo hapo, nyuma ya meza ya muuza nyanya, nilimwekea pini: nyuma iwe pana hadi karibu na kiuno, na ubavuni pawe na kipande cha kitambaa kinachonyumbuka. Hiyo haikupanda. Alinipa kichane cha ndizi na mpaka leo huwaleta wengine, na swali langu la kwanza kwa kila mmoja ni kazi yake, kabla sijauliza ugonjwa wake. Anayelima shamba kule Njukini huinama siku nzima, anayefundisha huinua mkono kuandika ubaoni. Kila mmoja ana ukurasa wake kwenye daftari langu, na mchoro wa mahali anaposikia na asiposikia.

Mwalimu bado hushuka Voi. Mwezi uliopita alikuwa amekaa kwenye benchi akinisimulia habari za mjukuu wake, nikamwona anajikuna juu ya blauzi, upande wa shanga.

"Bitana inakuwasha? Leta niibadilishe."

"Si kitambaa," akasema. "Ni chuchu."

"Ipi?"

"Ile isiyokuwepo. Huniwasha siku nyingine. Nikikuna hizi shanga, inatulia."

Muuguzi alikuwa ameshamwambia kwamba hilo huwapata wengine, na kwamba mishipa ya fahamu haisahau haraka. Lakini Mwalimu alikuwa na swali lake mwenyewe: je, kinachotuliza ni mkono au ni macho? Tukavuta pazia. Akafunga macho, nami nikazikuna shanga kwa ukucha bila kumwambia nimeanza.

"Bado inawasha," akasema. "Umeanza?"

"Nimeshamaliza."

Akafungua macho, akayaelekeza chini kifuani. "Sasa zikune tena."

Nikakuna. Uso wake ukalegea, akashusha pumzi.

"Imetulia?"

"Imetulia kabisa. Lakini mara moja si jaribio. Tusubiri iwashe tena."

Nje kulikuwa na mzazi anayegonga mlango akitaka sketi ya darasa la tano. Nikamwambia aningojee kidogo, na sisi wawili tukaendelea kukaa, tukisubiri muwasho.