Mwizi wa Maharage Niliyemtunga

Nakumbuka vizuri nilivyomfanya Babu Sefu mwizi kwa kutumia hisabati, na sina wa kumsingizia. Ninyi wa kidato cha kwanza mnaopenda sifa kama mimi, sogeeni. Nimewazidi miaka miwili tu, lakini kwa aibu niliyobeba, nina haki ya kumwita kila mmoja wenu mwanangu.

Mwalimu alitaka kila kundi litunge kesi ya wizi, wenzetu wamkamate mwizi kwa hesabu. Nikaandika: maharage yameibwa stoo ya shule, kutoka stoo hadi getini ni mita tisini, mwizi katumia dakika tatu. Ukigawanya unapata nusu mita kwa sekunde. Nani hapa shuleni anatembea hivyo?

"Babu Sefu!" darasa likajibu. Mpishi wetu, anayechechemea. Wakacheka, nami nikainama kama msanii jukwaani. Ukweli ni kwamba nilianza na mguu wake, namba nikazitafuta baadaye.

Karatasi ikabandikwa ukutani, jina la Babu Sefu limeandikwa chini kama jibu, bila neno la kuonyesha kuwa ni zoezi. Jumamosi wazazi wakafanyia kikao darasani mwetu, wakaisoma. Mmoja akautazama mguu wa Babu Sefu, akasema, "Kumbe ndiyo maana watoto wanakunywa mchuzi mtupu." Babu Sefu, aliyekuwa akiwamiminia chai, akatua birika. Akaweka funguo za stoo mezani, akaondoka Kibaha kurudi kwao Kisarawe. Mimi nilikuwepo, nimeshika sahani ya maandazi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine, kisha ukanyamaza.

Usiku sikulala. Asubuhi nikamwambia mama, tukaenda Kisarawe. Babu akaitikia shikamoo yangu, akanikaribisha muhogo. Nikamweleza yote.

"Radhi nimekupa, mjukuu wangu," akasema. "Funguo huenda wakanirudishia. Lakini wale walionitazama mguu, utawapigia hesabu gani?"

Nikaurudisha muhogo kwenye sahani.

Mwanangu, mzaha mzaha hutumbua usaha. Ukiwa na jina la mtu kabla ya ushahidi, hiyo si hesabu, ni fitina iliyovaa sare ya shule. Na utani wako ukimuumiza mtu, sema palepale, chai ikiwa bado ya moto. Mungu akujalie marafiki wasiocheka kila kitu.

Njiani mama alisema hivi: "Babu amekusamehe, mimi bado. Kesho utasimama mstarini, uwaambie wenzako kwa sauti ileile uliyowachekeshea. Jioni tutawafuata wale wazazi nyumba kwa nyumba. Hodi utapiga wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."